Mama katapeliwa, kaka zangu wanataka kumnyang'anya laini

Shikamoo Shangazi. Mama yetu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, anaishi peke yake Moshi. Alipigiwa simu na kijana aliyejifanya wa huduma kwa wateja, akaambiwa laini yake inafungwa. Alibonyeza kama alivyoelekezwa, akataja na namba ya siri. Sh640,000 za pensheni zikaondoka. Alinyamaza wiki tatu, anakula kwa kukopa dukani. Sasa kaka zangu wanataka laini ikae kwao, wawe wanamtumia za matumizi. Niwaunge mkono?
Kitindamimba, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usiwaunge mkono.

Kinachonitisha ni hizo wiki tatu kuliko hizo laki sita. Mama alinyamaza kwa aibu, na tapeli anaitegemea aibu hiyo, maana mzee akikaa kimya yeye anapata muda wa kuzitoa pesa kwa wakala. Mkimpokonya laini leo, akitapeliwa kesho hamtasikia.

Wala hakuwa mjinga. Matapeli hawa huja na jina lako kamili, wanaongea kwa adabu, wanakuita mama, halafu wanakuharakisha usije ukakata simu ukamuuliza mwanao.

Nenda Moshi. Lipa kwanza lile deni la dukani, kisha msikilize bila kumkatiza. Badilisheni namba ya siri, aichague mwenyewe. Pigeni *106# muone kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ripotini polisi na kwa mtandao wake. Sitakudanganya kwamba pesa zitarudi, na atakayepiga akidai atazirudisha kwa ada ndogo ni tapeli wa pili. Mwandikie kwa herufi kubwa, ubandike anapochajia simu: mtandao unampigia mteja kwa namba 100 tu, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza namba ya siri. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" azitume 15040.

Kuhusu kaka zako, pensheni ni jasho la mama. Barua za wazee walioibiwa na watoto na wajukuu waliokabidhiwa simu zinanifikia pia, na zinaniuma zaidi ya hii yako. Kama kweli wanataka kumlinda, wakubaliane naye hivi: simu yoyote inayotaja pesa anaikata, anampigia mmoja wenu. Na huyo apokee, hata akiwa kikaoni.