Ugwe Ukipiga Kelele, Uufungie Kizuizi?
Tufanye hesabu. Mwindaji wa Marekani yuko mita 25 kutoka kwa kulungu, mkononi ana upinde wa kapi. Mshale unakwenda kama mita 85 kwa sekunde, sauti ya ugwe 340. Sauti inamfikia mnyama kwa sekunde 0.07, mshale 0.29. Katikati hapo anashtuka, anainama. Mshale wa moyoni unampata mgongoni na anakimbia na jeraha.

Kizuizi ni kijiti chenye mpira kinachousimamisha ugwe mshale ukishatoka. Hupunguza kelele, hakiongezi mbio. Pinde nyingi mpya huja nacho. Wako hauna? Kaza skrubu kwanza, jaribu mshale mzito zaidi. Kelele bado? Kifunge, mpira uukaribie ugwe bila kuusukuma. Ila kama unalenga karatasi tu, tunza hela yako: karatasi haina masikio.