Kutengeneza Giaboksi ya Motokaa Kuukuu Uani

Katika Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa Nairobi, wako watu wengi ambao riziki yao hutegemea motokaa ndogo ya zamani. Huyu huchukua mboga alfajiri, yule hupeleka abiria Pipeline na Imara Daima, mwingine hubeba vyombo vya kazi yake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta kutoka ng'ambo motokaa iliyopita umri wa miaka 8, lakini ikiisha kuingia yaweza kutumika miaka thelathini na zaidi, mradi mwenyewe aitunze.

Motokaa ya namna hiyo ikianza kulia katika gia, mara nyingi mwenyewe huambiwa aitupe giaboksi na kununua nyingine. Hiyo nyingine ni ya mtumba, imetolewa katika gari lililovunjwa, wala hakuna ajuaye hali ya vyuma vilivyomo. Shauri letu ni kwamba mtu aifungue kwanza yake mwenyewe. Aghalabu kilichoharibika ni ringi moja ya shaba, au beringi, au sili ya oili, na gia zenyewe ni nzima.

Maneno haya yahusu hasa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Datsun 1200 na Toyota Corolla za miaka ya 1970. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi na difu hukaa katika sanduku moja, na kuyafungua ni kazi nyingine.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Weka gia huru, injini ikiunguruma polepole, na klachi isikanyagwe. Ukisikia mvumo, kisha ukikanyaga klachi ukanyamaza, shaka na iwe juu ya beringi ya shafti ya mbele, au zile za shafti ya chini. Ikiwa ni kinyume, yaani kelele huanza pale ukanyagapo klachi, ubaya u katika beringi ya klachi. Giaboksi itabidi itolewe ili uifikie, lakini haina haja ya kufunguliwa. Mvumo ukipungua katika gia ya nne tu, kumbuka kwamba katika magari haya gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, bila kuitwika shafti ya chini mzigo wowote.

Kisha jaribu hili. Kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tano, ndipo utie gia ya kurudi nyuma. Ikisaga, huenda klachi haiachi sawasawa. Wako watu waliokwisha kununua giaboksi nzima, kumbe kilichokufa ni kipira kidogo cha klachi.

Lakini gari likisaga katika gia moja tu, tuseme ya pili au ya tatu, basi yafaa kuelewa jinsi mtambo unavyofanya kazi. Mtu asukumapo mkono wa gia, hazisogei gia zenyewe. Gia za kwenda mbele zimeng'atana daima na wenzake wa shafti ya chini. Kinachosogea ni bangili ya chuma yenye meno kwa ndani. Kabla haijashika gia, bangili hiyo huisukuma ringi ya shaba juu ya koni ya gia, na ringi hufanya kazi ya breki, hata gia na shafti zikawa na mwendo mmoja. Ringi hizo zilianza katika motokaa za Cadillac, huko Marekani, mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alikuwa hana budi kukanyaga klachi mara mbili kila abadilishapo gia. Ringi ikilika, breki haipo tena, na meno hugongana.

Sasa habari ya kulala chini ya gari, ambayo twaitaja kwa mkazo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Tia vigingi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kisha ukalishe gari juu ya stendi za chuma au magogo manene. Mawe ya kujengea hayafai hata kidogo, kwa kuwa hupasuka ghafla. Giaboksi yenyewe ni nzito, na ikimwangukia mtu kifuani yaweza kumwua; watu wawili waishike. Tena, katika nyua zetu nyembamba, nyumba za mabati zimegusana na majirani hupika kwa jiko la makaa. Usioshe vyuma kwa petroli. Tumia mafuta ya taa, nayo pia mbali na moto.

Kwanza toa waya wa betri. Legeza nati ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, utajazaje? Tia alama ya rangi kwenye shafti ndefu ya nyuma ili irudi kama ilivyokuwa, kisha itoe. Ondoa waya wa spidi, waya wa taa ya kurudi nyuma, mkono wa gia, mtambo wa klachi na stata. Tegemeza injini kwa ubao chini ya sampu. Bolti zote zikiisha kutoka, vuta giaboksi moja kwa moja kwenda nyuma, bila kuiacha ining'inie juu ya shafti yake ya mbele, maana hiyo huipinda sahani ya klachi.

Tandika turubai safi. Kila kitolewacho kipangwe kwa mstari kama kilivyotoka, na kipigwe picha kwa simu. Angalia vigololi na springi zinazozuia gia: huruka, na kikipotea kimoja gari litatoka gia lenyewe njiani. Vijiti vidogo vya beringi ya shafti ya chini, ikiwa vimo, vihesabiwe. Wakati wa kurudisha hushikizwa kwa grisi.

Chukua kila ringi ya shaba uikandamize kwa mkono juu ya koni yake. Haina budi kung'ang'ania. Tazama nafasi iliyobaki kati ya meno ya ringi na meno ya gia: katika motokaa nyingi ndogo za Kijapani ringi mpya huacha milimita 1 au zaidi kidogo. Nafasi hiyo ikikaribia kwisha, ringi imekufa. Kipimo kamili hutolewa na kitabu cha gari.

Beringi zina namba, na namba hizo ni za dunia nzima. Beringi ya 6305, kwa mfano: chukua 05, zidisha kwa 5, utapata milimita 25, ndiyo tundu lake. Kanuni hii hufaa kuanzia 04 na kuendelea. Ikiwa beringi ina mfuo wa nje wa kutilia klipu, herufi N hufuata namba; usikubali kuuziwa isiyo na mfuo. Kwa hiyo mtu aendaye Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, achukue beringi yake ya zamani mkononi, wala asitaje jina la gari peke yake. Sili zote zibadilishwe, hata zisizovuja. Bei yake ni ndogo kuliko taabu ya kutoa giaboksi mara ya pili.

Ikiisha kufungwa, izungushe kwa mkono katika kila gia kabla ya kuirudisha garini. Oili na iwe ya daraja la GL-4. Ile ya GL-5 hufaa kwa difu, lakini dawa zake zaweza kula shaba ya ringi. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika katika tundu la pembeni. Ile ya zamani itiwe katika mtungi na kupewa wenye kuikusanya. Mitaro ya Mukuru humwaga katika mto Ngong.

Baada ya kama kilometa 1000 mwaga oili hiyo mpya uitazame juani. Unga mwembamba wa rangi ya dhahabu si neno, ni ringi zinazokaliana na koni zake. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa vidole, liweke gari uifungue tena.