Chemchemi Yenu Inahitaji Mpimaji

Maji kung'aa si kuwa safi. Vijidudu vya kipindupindu havionekani, na ugonjwa wenyewe hauko mbali: Tchomia na Kasenyi, kule chini kando ya Ziwa Albert, vimeupata mara nyingi, na barabara ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi inapita hapa Bogoro. Kuyafuatilia maji ya kijiji hakuhitaji diploma. Kunahitaji daftari na mtu asiyechoka.

Anza kwa macho. Zunguka chemchemi: kuna choo upande wa juu, ndani ya mita 30? Ukuta umepasuka? Ng'ombe wanakanyaga pale wanawake wanapojaza bidoni? Ukaguzi huu nauthamini kuliko kipimo chochote, maana unaonyesha pa kutengeneza.

Kisha pima utope. Tafuta mrija mpana wa plastiki unaopenyeza mwanga, uzibe chini na uweke hapo alama nyeusi. Mimina maji polepole huku ukitazama kutoka juu. Alama ikipotea, pima kina cha maji kwa rula. Kina kikipungua ghafla baada ya mvua, shuku kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia.

Kwa vijidudu, ulizia kituo cha afya vichupa vya kipimo cha H2S. Nawa mikono, usiguse mdomo wa kichupa, kinga maji yenyewe kwenye bomba la chemchemi, kisha weka kichupa kivulini penye joto. Maji yakigeuka meusi ndani ya siku mbili, huenda kinyesi kimeingia. Yachemsheni, au yatieni javeli kwa kipimo atakachowapa muuguzi na kungoja nusu saa. Yasipogeuka, usitangaze kwamba ni salama. Hilo ni la maabara.

Kama mnachota pia mtoni, usiingie humo bila buti za mpira na glovu, kwa sababu ya kichocho. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, wanavijiji waliofundishwa na mradi wa ATRAP walihesabu konokono wanaoeneza ugonjwa huo na kuwatumia watafiti hesabu kwa simu.

Pima mahali palepale, kwa njia ileile, kila wiki. Andika tarehe, saa, kama mvua ilinyesha, na jina la aliyepima. Andika "ng'ombe wamekanyaga", usiandike ng'ombe wa nani. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003 na watu wengi wakauawa. Katika kijiji chenye kidonda kama hicho, uvumi wa maji yaliyochafuliwa unaweza kuumiza kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo matokeo yasianzie sokoni. Yapeleke kwa muuguzi, kamati ya maji na chefu, tena yakiwa na ombi moja linalotekelezeka: uzio, mfereji, au kuhamisha choo.

Tafuta wenzako wawili, mmoja awe mama anayechota hapo kila siku, mwanze wiki hii.