Dondoo muhimu: Kimbunga kikitajwa Dar es Salaam

Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilitukumbusha kuwa tufani si za Msumbiji peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, anza na haya.

1. Kaza misumari ya mabati mapema. Mawe na matairi juu ya paa si dawa, hayo ndiyo yatakayokuangukia.
2. Zibua mtaro wa mbele ya nyumba: chupa chache tu zinatosha kuleta maji sebuleni.
3. Jaza madumu na chaji simu. Umeme ukikatika, pampu nayo basi.
4. Weka vyeti na kadi ya kliniki ya mtoto kwenye ndoo yenye mfuniko. (Vyangu nilivianika juani siku mbili, na muhuri ukafutika.)
5. Usiingize jiko la mkaa wala jenereta ndani.
6. Vuta ngalawa juu ya alama ya bamvua.
7. Upepo ukinyamaza ghafla, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga.
8. Eneo la Jangwani, hapa Dar es Salaam, maji yakipita juu ya barabara, usivuke, hata bodaboda akiapa anaijua njia.