Magofu ya Gedi, Visiwa vya Lamu na Ksh 12,000 Zetu: Somo la Kulipia Likizo kwa Simu

Aprili mwaka jana, wakati wa chakula cha mchana, sisi wanane wa timu ya elimu kwa wateja tulikuwa tunapitishiana simu yenye picha za Ugiriki. Nyumba nyeupe za Santorini, bahari ya buluu, nguzo za Acropolis kule Athens. Tukapiga hesabu ya tiketi ya ndege na visa, tukacheka, tukarudi kwa chapati zetu. Halafu mmoja wetu kutoka Thika akauliza, "Kwani sisi hatuna magofu na visiwa?"

Tunavyo, tena vya kutosha. Karibu na Watamu kuna mji wa kale wa Gedi, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha hiyo tangu 2001. Hata Wagiriki wenyewe walikuwa na habari zetu: karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kinachoitwa Periplus, na ndani yake alieleza biashara ya pwani hii ya Afrika Mashariki.

Basi tukaamua: Desemba tunashuka pwani. Tulifika na tukafurahi. Lakini njiani tulitapeliwa Ksh 12,000. Ndiyo, sisi, watu ambao kazi yetu ni kukuambia usitapeliwe. Tumeona ni heri tukusimulie yote, ili funzo tulilolipia wewe ulipate bure.

Hatua ya kwanza: tulivyoweka akiba

Kila mmoja alitoa Ksh 600 kwa wiki, kuanzia Mei, kwa wiki 30. Hiyo ni Ksh 18,000 kwa kila mtu, na kwa watu wanane ni Ksh 144,000. Kila 18,000 tuliigawanya hivi:

- Treni ya SGR daraja la kawaida, kwenda na kurudi: 3,000
- Nyumba ya kulala: 5,000
- Chakula: 4,000
- Basi, boti na viingilio: 4,500
- Akiba ya dharura: 1,500

Pesa hatukuziweka kwa laini ya mtu mmoja. Hata kama mweka hazina wenu ni mwaminifu kama malaika, simu yake inaweza kuibwa, laini yake inaweza kusajiliwa upya na mwizi, au yeye mwenyewe akaugua ghafla na PIN anaijua peke yake. Tulitumia akaunti ya kikundi: mmoja anaanzisha malipo, wengine wawili wanaidhinisha, na wote wanane wanapata ujumbe. Chama chochote, hata cha watu wanne pale Kamakis, kinaweza kufanya hivyo.

Sasa utauliza: kama pesa zilikuwa zinalindwa na watu watatu, zilitokaje?

Hatua ya pili: tulivyopoteza 12,000

Oktoba mmoja wetu aliona tangazo Facebook. Nyumba ya vyumba vinne Watamu, bwawa la kuogelea, bei karibu nusu ya zile nyingine tulizokuwa tumeuliza. Alipopiga simu, mwanamume mwenye sauti ya upole alimwambia, "Kuna familia kutoka Nakuru pia inaitaka. Tuma deposit ya 12,000 kabla ya saa kumi, nikuwekee."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwenzetu akaandika kwenye kundi la WhatsApp, "Haraka, idhinisheni!" Wawili wakaidhinisha. Kila mmoja alifikiri mwenzake ameshachunguza.

Kabla ya kukamilisha, skrini ilionyesha jina la anayepokea. Yule bwana alikuwa amejitambulisha kwa jina la kiume, na hapo likatokea jina la mwanamke. Mwenzetu aliliona. Alipouliza, akajibiwa, "Hiyo ni ya mke wangu, yangu imejaa." Akabonyeza.

Jioni tulipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Picha za nyumba tulizikuta kwenye ukurasa wa hoteli iliyo nchi nyingine kabisa.

Angalia vizuri hapo. Mitambo haikuvunjwa, na PIN yetu hakuna aliyeiiba. Jina lilionyeshwa jinsi linavyopaswa kuonyeshwa. Tapeli alichotuibia kwanza ni nusu saa ya kufikiri. Ile 12,000 ilifuata.

Na ukirudi kwa hesabu yetu, 1,500 mara wanane ni 12,000. Akiba yote ya dharura iliisha kabla hatujatoka Ruiru.

Kwa nini hazikurudi?

Wateja wengi hutuuliza swali hili kwa hasira, na sasa tunawaelewa. Ukiomba malipo yarudishwe, tunaloweza kufanya ni kuzuia pesa ambazo bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Zikishatolewa kwa wakala zikawa noti mfukoni mwa mtu, hakuna kitufe cha kuzirudisha. Sisi tuliripoti baada ya saa tano. Zilikuwa zimetolewa kitambo.

Kwa hivyo ukishuku tu, fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Omba malipo yarudishwe papo hapo, kupitia menyu au huduma kwa wateja. Usianze kwa kumbembeleza tapeli. Unampa muda wa kufika kwa wakala.
2. Hifadhi ujumbe wa muamala, namba za simu, tangazo na mazungumzo yote. Usifute kitu kwa aibu.
3. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe taarifa na upewe namba ya OB.
4. Waambie wenzako wa chama siku hiyo hiyo. Mwenzetu alikaa na siri hiyo hadi usiku, na zile saa tano zilipotelea hapo.

Hatukumfukuza wala kumlipisha. Walioidhinisha ni watu watatu, kosa likawa letu sote. Tulichanga Ksh 1,500 nyingine kila mmoja mwezi wa Novemba, na kwa wawili wetu haikuwa rahisi hata kidogo.

Hatua ya tatu: somo tulilolipata Gedi

Mara ya pili hatukutafuta nyumba Facebook. Mwenzetu mmoja ana shangazi anayeuza nguo pale Gede mjini. Tulimpata simu, tukamsalimu, tukamweleza. Shangazi akapanda tuktuk hadi Watamu, akaingia kwenye nyumba tuliyopendekezewa, akatupigia simu ya video akiwa jikoni. Mwenye nyumba tukamwona kwa macho. Tukalipa robo kwa namba ya till yenye jina la biashara yake, iliyobaki tukailipa baada ya kufika.

Tulipofika magofu ya Gedi ndipo tukaelewa kwamba shangazi alikuwa amefanya jambo la kale sana. Gedi ni mji wa mawe ya matumbawe uliostawi hasa karne ya 15, kisha ukahamwa karne ya 17. Una kasri, msikiti mkuu, visima virefu na kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka wa 1948, na baadhi ya nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Vyombo vya kauri kutoka Uchina, shanga kutoka Venice, vyote viliishia hapa msituni, karibu na steji ya matatu za Malindi.

Fikiria: watu hao walifanya biashara na wageni kutoka ng'ambo ya bahari, bila simu, bila risiti ya SMS. Waliaminianaje? Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka wa 1331, alieleza desturi ya Mogadishu: mfanyabiashara mgeni alishukia kwa mwenyeji mmoja, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Pesa zilipita kwa mtu anayejulikana mjini.

Shangazi alikuwa mwenyeji wetu. Kabla ya kutuma malipo ya awali mahali usipopajua, tafuta mtu aliye pale: ndugu, mwenzako wa chuo, rafiki wa kanisani au msikitini. Kama huna, basi lipa ukifika.

Hatua ya nne: Lamu, na pale simu isipotosha

Kutoka Malindi tulipanda basi la asubuhi hadi Mokowe, kisha boti hadi kisiwani. Kama unapanga njia hii, safiri mchana na uulize kwanza hali ya barabara. Lamu mjini vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na malipo kwa simu yanakubalika maduka mengi. Tulijisahau tukadhani noti hazihitajiki.

Siku ya pili tulienda kuona magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda. Boti hupita kwenye mkondo wa mikoko na hufika tu maji yakijaa, kwa hivyo nahodha ndiye anayepanga saa. Takwa nayo ilihamwa karne ya 17, na inasemekana watu wake walihamia Shela, ng'ambo tu. Tulikaa juu ya ukuta wa msikiti tukatazama bahari. Wakati huo Ugiriki hakuna aliyeitaja.

Kurudi, nahodha akataka malipo, na simu iliyokuwa na pesa imezima chaji. Wakala wa kwanza ameishiwa floti, wa pili amefunga kwa ajili ya swala. Nahodha alitungojea kwa ustaarabu, lakini tuliona haya. Tangu hapo kanuni yetu ni hii:

- Gawanya pesa za safari: simu mbili za watu wawili, pamoja na noti ndogo za siku moja.
- Patana bei ya boti kabla ya kupanda: ni ya kundi au ya mtu, ni kwenda tu au na kurudi. Lipa nusu kwanza, nusu mkirudi.
- Toa pesa kwa wakala asubuhi, usingoje jioni wala siku ya sikukuu.
- Mtu akidai "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usiamini SMS. Angalia salio lako kwanza, kisha mwache aombe marejesho kwa njia rasmi.

Kabla hujatuma: maswali matatu

Tumeyabandika ukutani ofisini, na tunakuomba uyaandike kwenye kundi la chama chako:

1. Jina lililotokea kwenye skrini ni la nani? Kama si la uliyepatana naye, usitume, hata akitoa sababu tamu vipi.
2. Nani amepaona mahali hapo kwa macho yake?
3. Nani ananiharakisha, na kwa nini?

Mwidhinishaji wa pili na wa tatu pia wajibu maswali haya. Kuidhinisha kwa sababu mwenzako ameidhinisha ni sawa na kutoidhinisha.

Mwaka huu chama chetu kinaendelea. Tunafikiria Wasini, tena na shangazi ameshasema anakuja. Yeye halipi hata shilingi.