Vita, Wakimbizi na Washukiwa: Mambo Matatu Yaliyotiwa Kapu Moja

Katika nyumba nyingi za nchi yetu ya Kenya, tangu mwaka 2011, kuna ubishi usiokwisha. Baba asema majeshi yetu yabaki Somalia hata adui ashindwe kabisa; kijana wake asema yarudi nyumbani. Mmoja ataka kambi za Dadaab zifungwe kesho. Mwenzake amwuliza, watu wale waende wapi? Na ikisikika redioni kwamba mshukiwa wa ugaidi amepelekwa nchi nyingine usiku, wako wanaopiga makofi, na wako wanaouliza ni kwa amri ya hakimu gani.

Kubishana si dhambi. Raia wasiobishana juu ya vita na uhai wa watu ni raia waliolala. Lililo baya ni kwamba mambo haya matatu yametiwa katika kapu moja, hata mtu akisema neno la kumtetea mkimbizi aambiwa kwamba hawapendi askari wetu, na akiuliza swali juu ya vita aambiwa kwamba ni rafiki wa magaidi. Leo, ndugu wasomaji, twataka kuyatoa kapuni moja moja.

Tuanze na jeshi. Oktoba 2011 askari wa Kenya walivuka mpaka na kuingia Somalia, katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Kabla ya hapo wageni walikuwa wametekwa katika visiwa na pwani ya Lamu, na tarehe 13 Oktoba watumishi wawili wa shirika la madaktari walitekwa Dadaab. Serikali ilitaja Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayokiri haki ya taifa kujilinda linaposhambuliwa. Kisha, Februari 2012, Baraza la Usalama kwa azimio namba 2036 liliongeza kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia kutoka askari 12,000 hadi 17,731, na Wakenya wakaingizwa katika hesabu hiyo. Hivyo vita iliyoanza kama kujilinda iligeuka kuwa kazi ya kulinda amani pamoja na mataifa mengine. Ni badiliko kubwa, na wengi hawakuliona lilipotokea.

Kwa nini twaliita kubwa? Kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 240, yasema kwamba Baraza la Usalama la Taifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa kazi ya kulinda amani, lakini kwa idhini ya Bunge. Waliotetea safari ya 2011 walisema kwamba anayelinda mlango wake hangoji mkutano. Waliopinga walijibu kwamba mkutano uliwekwa ili mlango usigeuzwe kisingizio. Maoni yetu ni haya: mtu akimfukuza mwizi usiku hata shambani kwa jirani, wazee hawatamwuliza ruhusa iko wapi. Walakini akijenga kibanda katika shamba lile akakaa miaka, wazee wana haki ya kumwita barazani. Dharura ni ya siku. Miaka ina sheria yake.

Swali hilo lilirudi kwa sura nyingine katika habari za Haiti. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba baraza lile laweza kupeleka majeshi nje, wala si polisi, ambao huhitaji mapatano rasmi kati ya nchi mbili. Mapatano yakatiwa sahihi mwezi wa Machi, na tarehe 25 Juni polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince. Wapo waliomlaumu jaji kwamba alichelewesha wema. Sisi hatuoni hivyo. Wema unaokwenda na bunduki wafaa uchelewe kidogo, usomwe kwanza.

Tena kuna jambo la hesabu. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wetu huko El Adde. Serikali haikuwatangazia wananchi jumla ya waliokufa. Ndipo Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia aliposema katika televisheni kwamba walikuwa karibu mia mbili. Wazazi wa Kenya walizika watoto wao huku hesabu wakiisikia kwa rais wa nchi nyingine. Asemaye jeshi libaki na asemaye lirudi, wote wawili wana haki ya kuijua gharama, na bila kuijua wote wawili wasema gizani.

Je, vita vyenyewe vilituletea usalama au hatari? Hapa twaomba uvumilivu, maana pande zote hurahisisha. Ni kweli kwamba Kismayu ilitwaliwa kutoka kwa Al-Shabaab mwaka 2012. Ni kweli pia kwamba watu 67 waliuawa Westgate Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako wauaji waliwatenga Wakristo ili wawaue. Lakini anayesema kwamba ugaidi uliletwa na safari ya 2011 amesahau tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulipolipuliwa na watu zaidi ya 200 wakafa. Amesahau na Kikambala, Novemba 2002. Siku hizo hapakuwa na askari hata mmoja wa Kenya Somalia aliyekwenda kupigana. Na aliyeahidi kwamba safari ile ingeumaliza ugaidi, naye Garissa yamjibu.

Sasa wakimbizi, na hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo ulimi hukosea zaidi.

Dadaab ilianzishwa mwaka 1991, Somalia ilipoanguka, ikapimwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, njaa na vita vilipokutana, ilikuwa na watu zaidi ya 460,000. Siku chache baada ya mauaji ya Garissa, Naibu wa Rais wa wakati ule, William Ruto, alilipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa miezi mitatu liwaondoe watu wote. Hasira ile twaielewa. Nchi nzima ilikuwa kilioni. Lakini tazama ni nani aliyetajwa na serikali yenyewe kuwa mmoja wa wauaji: kijana Mkenya, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka. Kijana yule hakutoka hemani. Alitoka darasani, katika nyumba ya mtumishi wa serikali.

Hatusemi kwamba kambi haina hatari. Mji wa mahema wenye watu laki nne, karibu na mpaka usio na uzio, waweza kumficha mtu mbaya, na wale watumishi wawili walitekwa hapo hapo. Basi na ilindwe. Wengi hudhani kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliingia mwaka 1966, wamfunga mwenye nyumba mikono. Sivyo. Ibara yake ya kwanza yamnyima ukimbizi mtu ambaye kuna sababu nzito za kudhani kwamba ametenda uhalifu wa kivita au uhalifu mkubwa usio wa kisiasa kabla ya kupokewa. Ibara ya 33 yakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utahatarishwa, na papo hapo yamtoa katika ulinzi huo yule ambaye kwa sababu za haki ahesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa nchi. Mlango wa kumtoa mhalifu upo. Lakini ni mlango wa mtu mmoja mmoja, si lango la ng'ombe.

Ndiyo maana tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo aliibatilisha amri ya 2016 ya kuifunga Dadaab, akiona kwamba iliwalenga Wasomali kwa ubaguzi. Miaka mitatu kabla yake, Aprili 2014, polisi walikuwa wamewakusanya maelfu ya watu katika Eastleigh na kwingineko, wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani, na mamia wakarudishwa Mogadishu kwa ndege. Wengine walikuwa wakimbizi wenye karatasi; wengine walikuwa waomba hifadhi, yaani watu ambao shauri lao halijaamuliwa bado; wengine walikuwa raia wa Kenya, kosa lao sura na jina. Kamata-kamata ile haikuizuia Garissa mwaka uliofuata.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpokea mgeni, tukamhesabia siku, kisha tukamnyima jembe. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuweza kutoka kambini bila kibali, wala kupata ruhusa ya kazi ila kwa taabu kubwa. Kisha tukamlaumu kwamba ala chakula cha bure. Wako waliozaliwa Dadaab nao wamezaa hapo. Sheria mpya ya wakimbizi ya 2021, na mpango uitwao Shirika uliozinduliwa Machi 2025, zakusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji watumia shule moja na zahanati moja. Rais aliyeuzindua mpango huo ni William Ruto yule yule. Hatumcheki, mtu kubadili shauri si aibu. Ila wenyeji wa Garissa na Turkana waulizwe nao, kwa kuwa kuni na maji ni yao.

Na asiyeamini kwamba Msomali aweza kuwa ngao ya Mkristo, akumbuke basi lililoshambuliwa karibu na El Wak tarehe 21 Desemba 2015. Washambuliaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa hospitalini Nairobi mwezi uliofuata.

Limebaki jambo la tatu, la washukiwa. Kwanza neno lenyewe: mshukiwa si mkosaji. Serikali yaweza kumfukuza mgeni asiyefaa, na yaweza kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine akashtakiwe huko. Lakini njia hizo zina sheria, na ya pili hupitia kwa hakimu. Iko njia nyingine isiyo na sheria, nayo ni kumtia mtu ndegeni kabla jamaa zake hawajajua alipo.

Mapema mwaka 2007 makumi ya watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya, na wanane wakarejea nyumbani Oktoba 2008. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa Februari mwaka ule ule alipelekwa Guantánamo, akakaa karibu miaka 18 bila kushtakiwa, akarudishwa Kenya Desemba 2024. Ikiwa alikuwa na hatia, miaka 18 haikumtoa hata shahidi mmoja mbele ya hakimu. Ikiwa hakuwa nayo, ni nani atakayemrudishia?

Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya kadhaa walivushwa mpaka pasipo kufuata sheria ya kukabidhiana wahalifu. Kesi ilipokwisha Mei 2016, katika washtakiwa 13, mahakama ya Uganda iliwatia hatiani wanane na kuwaachia watano. Watano katika kumi na watatu si wachache. Wale wanaosema kwamba polisi hawamkamati mtu bure, na waihesabu hesabu hiyo. Tena Mkataba wa 1984 dhidi ya Mateso, ambao Kenya iliingia mwaka 1997, wakataza kumpeleka mtu yeyote, hata aliye mbaya, katika nchi ambako kuna sababu za kuamini kwamba atateswa. Katika hilo hakuna pambizo.

Watu hutuuliza: na waliouawa, nani huwatetea? Swali ni la haki, na jibu lake li katika kesi ya Garissa yenyewe. Juni 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu, Wakenya wawili na Mtanzania mmoja, ikamwachia wa nne kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Hukumu ilisomwa hadharani, kila neno likaandikwa. Ilichukua miaka minne tangu mazishi, nayo ni mingi mno kwa mzazi anayengoja.