Dondoo muhimu: Kabla hujampa mtoto simu

Programu ijaribu kwanza wewe mwenyewe, dakika 10 tu, mtoto akiwa amelala. Bonyeza ovyo kama atakavyobonyeza yeye. Ukikuta tangazo la kamari katikati ya wimbo wa herufi, au kitufe kinene cha "nunua" kando ya alama ya X ndogo kama punje ya ulezi, ifute. Kidole cha mtoto wa miaka miwili hakiwezi kuilenga X hiyo, na waliouunda mchezo wanalijua hilo vizuri sana.

Cha bure mara nyingi hulipwa kwa matangazo. Khan Academy Kids ni ya bure na haina matangazo, ila kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kwa Kiswahili kuna Akili, kabinti ka katuni za shirika la Ubongo la Dar es Salaam.

Angalia na ruhusa zinazoombwa. Mchezo wa kupaka rangi unayatakia nini majina ya watu kwenye simu yako? Weka nywila kwenye manunuzi, zima data, kisha bandika skrini asitoke kwenye mchezo. La sivyo atampigia bosi wako saa nne usiku.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 kushuka chini asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Na ukae naye. Akigusa picha ya jogoo, muulize yule wa jirani huwikaje.